Sahihi ya Pasta

Fomu ya basari ilikuwa na kurasa nne. Wa kwanza ulikuwa wangu: jina, nambari ya kitambulisho, chuo, kozi, mwaka wa masomo. Wa pili ulikuwa wa mzazi: anafanya kazi gani, anapata ngapi kwa mwezi, watoto wangapi wako shule. Wa tatu ulikuwa wa chifu, athibitishe kwamba kweli sisi ni wakazi na kweli hatuna. Juu ya ukurasa wa nne, kabla ya mahali pa ofisi, kulikuwa na kisanduku kimoja zaidi. Kiongozi wa dini: jina, mahali pa ibada, maoni kuhusu mwombaji, sahihi, mhuri.

Mwaka wa kwanza sikukitilia maanani kisanduku hicho. Pasta wetu alinijua tangu nikiwa mtoto wa kukariri mistari ya Biblia kwa zawadi ya biskuti. Akaandika kwamba mimi ni mshiriki mwaminifu mwenye nidhamu, akagonga mhuri, akaniombea. Basari ikatoka: shilingi 8,000, hundi moja kwa moja hadi chuoni. Haikumaliza karo, lakini ilinifikisha kwenye mtihani.

Mwaka wa pili ndio nilisimama mbele ya kisanduku hicho nikakosa la kufanya.

Watu hutaka kusikia kwamba uliacha kuamini kwa sababu ya kitabu fulani, au mtu fulani wa YouTube, au msiba. Mimi sina hadithi kama hiyo. Nilifika chuo Nairobi, na Jumapili ikawa siku ya kufua. Wiki ya kwanza nilijilaumu. Wiki ya tano nilijilaumu kidogo. Semesta ilipoisha nikagundua kwamba nimekula miezi mitatu bila kuombea chakula, na kwamba ndani yangu mahali palipokuwa na ile sauti sasa palikuwa kimya tu. Sikuwa na hasira na mtu. Sikumwambia mtu pia. Kwetu Kitui unaweza kuwa mlevi na watu wakakuombea, unaweza kuwa mwizi na watu wakakusamehe, lakini ukisema huamini wanakuuliza umeanza kuvuta nini.

Basi likizo ya Agosti nikaenda na fomu kwa pasta. Mwaitu alinisindikiza, akabaki nje chini ya muarubaini. Njiani alikuwa ameshanipa maagizo, maana mama ni mama, alikuwa ameshaona: "Chochote atakachouliza, we itikia tu."

Pasta aliuliza kadi ya fungu la kumi. Akauliza mbona hata nikiwa likizo hanioni kwa vijana. Aliuliza kwa upole, kalamu iko mkononi, fomu iko mbele yake. Ningeweza kusema chuo kina kazi nyingi. Ilikuwa kweli pia.

"Pasta, nisikudanganye. Siku hizi siamini."

Hakukasirika. Alirudisha kifuniko cha kalamu, polepole, akaitazama ile fomu. "Sasa hapa niandike nini?"

"Andika unanijua. Andika kwetu hakuna pesa."

"Hiyo ni kazi ya chifu, na ameshaandika." Akanyamaza kidogo. "Kijana wangu, mimi siwezi kuweka uongo juu ya mhuri wa kanisa."

Nimerudia maneno hayo kichwani mara nyingi, na kila mara naona alikuwa na haki. Kati ya watu wote walioshika fomu ile, yeye peke yake ndiye aliyeisoma kama kitu cha kweli. Fomu ilimuuliza kuhusu imani yangu naye akajibu kuhusu imani yangu. Kosa halikuwa lake. Kosa lilikuwa la aliyechora kisanduku.

Tulirudi nyumbani na mwaitu bila maneno mpaka karibu na lango. Hapo akasema, "Ungedanganya kidogo tu. Hata Mungu mwenyewe angekuelewa."

Ofisini, siku iliyofuata, karani aliigeuza fomu yangu mara mbili. "Hapa hujajaza."

Nikamwambia sina kiongozi wa dini.

"Kila mtu anaye. Tafuta pasta yeyote. Hata imamu, bora mhuri."

Bora mhuri. Rafiki yangu mmoja, nilipomsimulia, alicheka hadi akakaa chini. "Buda, si ufungue kanisa lako?" Akanipeleka mjini Kitui kwa fundi wa mihuri, kibanda kidogo karibu na stendi, mihuri ya mfano imepangwa kwenye kadibodi: shule, duka la dawa, kikundi cha akina mama, kanisa. Mia tano tu. Uandike jina lolote unalotaka. Nilisimama pale nikiwaza jina la kanisa langu, na najua ningeweza kufanya hivyo, wengi wamefanya. Lakini yule pasta alikuwa amekataa kudanganya kwa ajili yangu, na mimi nilikuwa karibu kudanganya kwa mia tano. Nikaondoka. Siku ya mwisho ya kurudisha fomu ikapita.

Sitaki kusema kisanduku ndicho kilichonitoa chuo. Kulikuwa na deni la semesta mbili, kulikuwa na mkopo uliochelewa, kulikuwa na mimi mwenyewe ambaye nilikuwa nimeanza kulipwa kuandika makala za watu mtandaoni na kuona darasa kama kitu kinachonipotezea muda. Lakini nikihesabu milango iliyofungwa mwaka ule, huo mmoja ulifungwa kwa sababu ambayo haikuhusu karo, wala alama, wala umaskini wetu.

Nilisoma Katiba baadaye, kwenye simu, kama watu wengi wa rika langu. Kifungu cha 8 ni kifupi kuliko ujumbe wa M-Pesa: hakuna dini ya taifa. Kifungu cha 32 kinampa kila mtu uhuru wa dhamiri, dini, imani na maoni. Halafu kinaendelea: mtu hawezi kunyimwa nafasi katika taasisi, kazi au huduma, wala kunyimwa haki yake, kwa sababu ya imani au dini yake, na hawezi kulazimishwa kufanya jambo lililo kinyume na imani yake. Hayo yamekuwapo tangu Agosti 2010. Hata mahakamani, mahali ambapo neno lako linaweza kumfunga mtu, sheria inamruhusu shahidi kuthibitisha kwamba atasema kweli bila kushika kitabu chochote kitakatifu. Hakimu anaweza kuniamini bila Biblia. Kamati ya basari ya elfu nane haiwezi.

Na bado siwezi kujifanya kwamba dini iliingia kwenye fomu zetu kwa bahati mbaya. Katiba hiyohiyo inaanza kwa kukiri ukuu wa Mwenyezi Mungu. Wimbo wa taifa, ambao muziki wake ulitoka kwenye bembelezi la Wapokomo, ni sala. Bunge linafunguliwa kwa sala. Nchi imesema haina dini, halafu ikapiga magoti. Kutaka kuelewa hilo ndiko kulinifanya nianze kumuuliza susu maswali.

Susu, mama yake mwaitu, anakaa Makueni, upande wa Nzaui. Kutoka kwetu unapanda matatu hadi Mutomo, Ikutha, unavuka daraja la mto Athi, na hapo umeacha Kitui umeingia Makueni. Unatokea Kibwezi kwenye barabara ya Mombasa, unapanda nyingine hadi Emali, kisha unaingia ndani. Baba yangu alikuwa Mkatoliki wa Krismasi. Upande wa susu ni AIC kutoka utosini hadi kwenye unyayo, na wana sababu: kanisa lile mizizi yake iko pale kwao. Mwaka wa 1895 Peter Cameron Scott na wenzake wa Africa Inland Mission walifungua kituo chao cha kwanza Nzaui. Scott alikufa Desemba 1896, kazi ikaendelea bila yeye. Na upande wetu wa Kitui, Johann Ludwig Krapf alikuwa amefika zamani zaidi, mwaka wa 1849, akapokewa na Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa misafara, na ni kutoka huko Kitui alipouona Mlima Kenya.

Nilimuuliza susu aliokoka lini. Akacheka. "Nilitaka kusoma. Shule ilikuwa ya misheni. Ukitaka kuingia unapewa jina, unaacha ngoma, unaanza." Kwake kuingia shule na kuingia kanisa vilikuwa mlango mmoja. Aliamini baadaye, na anaamini kwelikweli, naona anavyofumba macho. Lakini mlango ulikuja kwanza. Nikamwonyesha picha ya ile fomu kwenye simu, nikamsomea kisanduku. Hakushangaa hata kidogo. "Bado wanauliza?"

Serikali ya kikoloni ilipenda mlango huo ulindwe na watu iliowajua. Mwaka wa 1922, Ndonye wa Kauti alipotokea Ukambani akidai kwamba Mungu anasema naye, walimkamata wakampeleka uhamishoni Pwani. Mmisionari alipewa ardhi, nabii wa Kikamba akapewa pingu. Kusema kweli, sioni kwamba kisanduku changu kimebadilika sana. Fikiria nani hawezi kukijaza. Mzee ambaye bado anapeleka sadaka ithembo, chini ya mti wa mababu, ana mhuri gani? Wale Kavonokya wa Kitui na Tharaka, ambao wanakataa hospitali na ambao mimi mwenyewe nagombana nao kichwani kuhusu chanjo za watoto, wanasali nyumbani, nani atawagongea? Tunadhani kisanduku kinamzuia mkana-Mungu mmoja mwenye kiburi. Kinamzuia yeyote ambaye Mungu wake hana ofisi.

Najua mtakachoniambia, kwa sababu mwaitu ameshaniambia. Wewe ulizaliwa wapi? Nilizaliwa hospitali ya misheni, Mutomo. Miaka mingi, ukiugua sana upande ule, ni masista waliokuwa pale, si serikali. Shule nyingi za Kitui na Makueni zilizotoa watu wakubwa zilianzishwa na makanisa. Siwezi kusimama hapa nikawatukana waliochimba kisima wakati serikali haikuwa na hata jembe. Lakini masista wa Mutomo walikuwa wanatumia pesa za waumini wao, na hata hivyo hawakumuuliza mwaitu kadi ya fungu la kumi kabla ya kumpokea akiwa na uchungu. Basari ni kodi. Susu akinunua sukari analipa kodi. Mlevi akinunua chupa analipa kodi, Mwislamu wa mjini Kitui analipa, mzee wa ithembo analipa. Pesa zikiingia hazina dini. Mbona zikitoka zinaipata?

Na kuna jambo lingine ambalo dini hufanya ikipanda kwenye meza ya serikali. Inafunga mazungumzo.

Nakumbuka baraza moja, wakati wa kiangazi kile kirefu, mvua zilipokosa misimu mitano mfululizo kuanzia mwisho wa 2020. Ng'ombe walikuwa wameisha, watu walikuwa wanapanga mitungi tangu usiku. Kulikuwa na kisima kilichochimbwa na hakikuwahi kufungwa pampu. Mama mmoja alisimama akauliza pesa za pampu zilienda wapi. Swali fupi kabisa. Mheshimiwa akasimama, akashusha sauti, akasema mama yetu ana uchungu, sote tuna uchungu, mambo haya ya mvua tumwachie Mungu, naomba mtumishi atufungie kwa maombi. Tukasimama wote. Kofia zikatoka. Mtumishi akaomba mvua kwa dakika kumi, akaomba hekima kwa viongozi. Tulipofumbua macho gari lilikuwa limewashwa.

Mama yule hakuuliza kuhusu mvua. Aliuliza kuhusu pampu.

Tarehe 14 Februari 2023 taifa zima liliombea mvua, Rais William Ruto akiongoza katika uwanja wa Nyayo. Machi mvua ikanyesha, na mtu akikwambia haikujibiwa sala utabishana naye hadi kesho. Mimi sibishani. Mtu mwenye kiu ana haki ya kuomba. Ninachouliza ni ripoti ya mabwawa inasomwa uwanja gani.

Wengine walioniudhi zaidi ni wa Jumapili. Kila anayekua Ukambani anaijua ibada ya mwaka wa uchaguzi: magari yanafika katikati ya mahubiri, safu ya mbele inahamishwa, kwaya inasimamishwa, bahasha inatajwa kwa sauti. Mwaitu, ambaye hajawahi kukosa ibada, alikuwa akirudi nyumbani na hasira. "Nilienda kusikia neno, nikasikia manifesto." Julai 2024, baada ya vijana kuingia barabarani, Rais alitangaza kwamba maafisa wa serikali hawataruhusiwa tena kushiriki harambee. Kufikia Novemba mwaka huohuo alikuwa kanisani Soweto, Nairobi, akitoa mamilioni, na Askofu Mkuu Philip Anyolo akaagiza pesa zirudishwe. Siku ile mwaitu alinipigia simu yeye mwenyewe. Hakuwa Mkatoliki tena tangu baba afariki, kama aliwahi kuwa, lakini alikuwa na furaha kama mtu aliyeshinda kesi. "Umeskia? Wamemrudishia!"

Hapo nikaelewa kwamba jambo hili si langu na wenzangu wachache. Kuna chama cha wakana-Mungu Kenya. Kilisajiliwa Februari 2016, na Aprili usajili ukasimamishwa kwa hoja ya amani na utulivu, kana kwamba watu kadhaa wasiosali wangechoma nchi. Bado kipo. Mei 2021 katibu wake, Seth Mahiga, alijiuzulu akisema amempata Yesu, na nchi nzima ikacheka wiki moja. Mimi sikuwahi kujiunga. Lakini napenda kwamba mtu yule aliweza kuingia na kutoka, na hakuna fomu iliyomfuata. Hiyo ndiyo nchi ninayoitaka. Ukiamini, uamini bila kulipwa. Usipoamini, usitozwe.

Julai 2025 tulipoambiwa kwamba Ikulu inajengewa kanisa, na kwamba Rais hataomba radhi kwa mtu, marafiki zangu wengi walitaka kujua analipa nani. Mimi niliwaza kuhusu mwananchi atakayeingia Ikulu ile siku moja kama rais naye si Mkristo. Atakuta kisanduku cha mawe.

Makueni, lakini, nilijifunza kitu kingine kuhusu sahihi. Susu yumo kwenye kamati ya mradi kijijini kwao. Tangu ugatuzi uanze mwaka wa 2013, enzi za gavana Kivutha Kibwana, kaunti ile ilijijengea jina kwa mikutano ya wananchi kutoka kijijini kwenda juu, na kwa jambo moja dogo lenye meno: mkandarasi hapati malipo kabla kamati ya wananchi kukagua kazi na kuweka sahihi. Susu alinionyesha kalavati moja walilokataa. Saruji ilikuwa kidogo, alisema, ilikuwa inamomonyoka kwa kidole. Mkutano wao unaanza kwa sala, na susu huwa anaongoza. Wakimaliza wanaenda kuangalia saruji. Hakuna anayemuuliza mkandarasi anaabudu wapi, na hakuna anayesema saruji tumwachie Mungu. Sala yake na sahihi yake zinakaa kwenye mkono mmoja bila kugombana, kwa sababu kila moja inajua kazi yake.

Mwaka huu mdogo wangu amejiunga na chuo. Yeye yuko kwaya, anaamini, pasta alimgongea mhuri siku ileile. Mwaitu ndiye aliyekaa mezani na fomu jioni, miwani puani, akakifikia kisanduku akatulia. Sikusema kitu. Nimejifunza kutosema.

"Chifu anajua kama tuna ng'ombe," akasema. "Pasta anajua nini kuhusu ng'ombe?"

Wiki mbili baadaye kulikuwa na kikao cha wananchi kuhusu basari za wadi. Nilimpeleka kwa boda. Wakati wa maswali alisimama, akajitambulisha kama mshiriki wa kanisa kwa miaka thelathini, akasema anaomba ile nafasi ya kiongozi wa dini iondolewe, umaskini wa mtoto uthibitishwe na chifu na nyumba kumi zinatosha. Kulikuwa na minong'ono. Mtu nyuma yangu akasema "huyu mama ameharibiwa na watoto". Mwenyekiti akamshukuru, akasema hoja nzuri, itaangaliwa. Halafu akasema muda umeenda, tufunge kwa maombi.

Mwaitu alifumba macho. Aliomba kwa moyo, midomo ikisogea. Mimi nilibaki macho wazi, nikimtazama karani na daftari lake. Watu walipoanza kutoka nikamfuata mezani. Ukurasa ulikuwa na hoja ya barabara, hoja ya walimu wa chekechea, hoja ya tarehe ya hundi. Ya mwaitu haikuwapo.

"Umesahau moja," nikamwambia.

Akanitazama, akatazama mlango, akachukua kalamu. Nikangoja pale hadi akamaliza kuandika.